Maji Yaliyo Chini ya Shamba Lako

Leo nazungumzia maji tusiyoyaona, yale yaliyojificha chini ya mahindi, chini ya miraa, chini ya hosteli na nyumba za kupanga. Na nataka niwapeleke Nchiru.

Ukitoka mjini Meru ukashika barabara ya Maua, baada ya kilomita kama 15 unafika Nchiru, katika Tigania Magharibi. Ni soko la kawaida, lakini lina majirani wawili ambao sidhani utawakuta pamoja mahali pengine Kenya hii. Hapo ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Na hapo hapo kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wenye kukata shauri wamepakana na wenye kupima na kuhesabu. Kumbukeni ujirani huo, maana mambo yangu ya leo yanauzunguka.

Huku juu Imenti, mteremko wa Mlima Kenya, kuna mito na mvua. Ukiteremka upande wa Ruiri au ukielekea nyanda za Isiolo, nchi inageuka upesi sana: miti inakuwa ya miiba, udongo unakuwa mwekundu na mkavu, na punda wanaonekana wakivuta mikokoteni ya mitungi. Misimu 5 ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, na sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa nchi yetu ikaungua. Katika hali kama hiyo mwenye uwezo anafanya nini? Anaita mtambo, anachimba kisima kirefu. Asiye na uwezo anazidi kuteremka na ndoo katika kisima chake cha mkono, futi moja, futi mbili, mpaka anagonga mwamba.

Swali langu ni hili: maji hayo ni ya nani?

Wengi wetu tukiulizwa tutajibu bila kusita kwamba shamba ni langu, hati miliki ninayo, basi kilichomo ndani yake ni changu kuanzia majani hadi kitovu cha dunia. Wazo hilo lina historia, na si historia ya kwetu. Mwaka 1843 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi inayoitwa Acton dhidi ya Blundell. Mwenye kiwanda cha pamba alikuwa na kisima kilichoendesha kazi yake. Jirani akachimba migodi ya makaa ya mawe, na kisima kikakauka. Mwenye kiwanda akaenda kortini, akashindwa. Majaji walisema mtu ana haki ya kuchimba katika ardhi yake, na akiyakausha maji ya jirani, jirani hana la kudai. Wakati ule hakuna aliyejua kwa uhakika maji yanatembea vipi chini ya ardhi. Majaji waliamua gizani, na uamuzi huo ukasafiri dunia nzima pamoja na bendera ya Uingereza.

Lakini sheria ya Kenya haisemi hivyo, na nataka jambo hili lieleweke vizuri. Tangu sheria ya zamani ya maji, ile Sura ya 372 iliyoanza kutumika mwaka 1952, maji yaliwekwa mikononi mwa serikali. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikaendeleza msimamo huo. Kisha Sheria ya Maji ya mwaka 2016, iliyotungwa chini ya Katiba mpya, ikatamka wazi kwamba kila rasilimali ya maji iko chini ya serikali ya kitaifa, inayoishikilia kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Imepewa amana. Maana yake, mwenye hati ya shamba ana udongo, na juu ya maji yaliyo chini ya udongo huo yeye ni mtumiaji kama watumiaji wengine. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Imesema kila mtu. Haikusema kila mwenye pampu.

Basi anayetaka kuchimba kisima kirefu ana njia ya kufuata. Huanza na mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni, anayepima mahali na kuandika ripoti. Lazima tathmini ya mazingira ipitie NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji inatoa idhini ya kuchimba. Mchimbaji anatakiwa kuweka kumbukumbu ya kila tabaka la mwamba analopita, kina ambacho maji yalionekana, na jinsi maji yalivyosimama baadaye. Pampu inajaribiwa kwa saa nyingi mfululizo ili ionekane kisima kinatoa kiasi gani na kinajaa tena kwa kasi gani. Maji yanapelekwa maabara, na hasa kwenye nchi ya mawe ya volkeno kama yetu madini ya floraidi hayana budi kupimwa, kwa sababu yakizidi miligramu 1.5 kwa lita yanaharibu meno ya watoto, na yakizidi sana yanaharibu mifupa. Baada ya yote hayo ndipo kibali cha kutumia maji hutolewa, chenye kiasi kilichoandikwa na muda wake. Kwa mama anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, bila mtambo wala mfereji, sheria haidai kibali. Hapo sheria ilifanya haki.

Kwenye karatasi, ndugu zangu, hii ni sheria nzuri. Nimeisoma na ninaiheshimu. Shida yangu nayo ni kwamba ina nguvu nyingi siku ya kuchimba, kisha inaondoka pamoja na mtambo.

Nieleze kwa nini hilo ni jambo kubwa, na hapa naomba tutulie kidogo, tushuke sote chini ya ardhi.

Mlima Kenya na vilima vya Nyambene ni kazi ya volkeno. Lava ilimwagika, ikapoa, ikapasuka. Pakapita miaka mingi, udongo ukaota juu yake, kisha lava nyingine ikamwagika juu ya udongo huo. Mara nyingi ikawa hivyo. Kwa hiyo chini yetu kuna tabaka juu ya tabaka: mwamba mgumu usiopitisha kitu, kisha mwamba uliojaa nyufa, kisha udongo wa kale uliofunikwa. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya juu inazama polepole katika nyufa hizo, inasafiri gizani kwa miaka, pengine miaka mingi sana, na inatokeza mbali kabisa na mahali iliponyesha. Nenda Mbuga ya Taifa ya Meru, nchi ya joto na mvua haba, ushangae jinsi mito inavyotiririka humo. Nenda chemichemi za Buffalo Springs karibu na Isiolo, maji meupe yakibubujika katikati ya nyika. Mvua ya huko haiwezi kufanya kazi hiyo. Hayo ni maji ya milimani yaliyopita chini kwa chini.

Basi mkulima wa Nchiru akichimba mita 150, hachimbi bwawa lake binafsi. Ameingia katika njia ya maji iliyoanzia msituni na inayoelekea kwa mtu mwingine. Na pampu inapovuta, maji yaliyo karibu na kisima yanashuka, na yaliyo mbali kidogo yanavutwa kuelekea hapo. Mshuko huo unapanuka kila saa pampu inapoendelea kuunguruma. Ukifika kwenye kisima cha jirani, jirani ataona maji yake yamerudi chini, na hatajua kwa nini. Atamlaumu Mungu, atalaumu jua, pengine atalaumu jicho la watu. Kumbe sababu iko ng'ambo ya ua. Watunga sheria walilijua hili: mtu akichimba ndani ya mita 800 kutoka kisima kilichopo, Mamlaka inaweza kudai kisima hicho cha zamani nacho kipimwe, ili athari ionekane. Mita 800 ni kitu gani katika Nchiru ya leo, yenye ploti zilizokatwakatwa na majengo ya wapangaji yanayofuata chuo kikuu? Ni familia ngapi zinazoishi ndani ya duara hilo?

Kisha kuna jambo jingine, jipya, ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha. Zamani kilichompunguzia mtu tamaa ya kuvuta maji kilikuwa bei ya dizeli. Jenereta ilikula pesa, kwa hiyo watu walivuta ya kutosha wakazima. Sasa tuna pampu za sola. Nazipenda pampu hizo, zimewaokoa akina mama wengi na zimemfanya mkulima mdogo alime sukuma na nyanya wakati wa kiangazi. Lakini jua halileti bili. Pampu inaamka asubuhi na inalala jioni, hata kama tangi limejaa na maji yanamwagikia njiani. Breki iliyokuwa ikitusaidia bila sisi kujua imeondolewa, na sheria haijaweka breki nyingine mahali pake. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ada ya senti 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000 kwa nusu shilingi. Ada hiyo ilikuwa haki kwa mwenye mifugo na mwenye familia. Kwa anayemwagilia ekari kumi za mboga za kuuza, haikumfanya hata afikirie kuziba bomba linalovuja.

Fikirini chama cha akina mama ambacho kila mwanachama anakopa apendavyo, na hakuna mwenye daftari. Michango inaingia, mikopo inatoka, lakini hakuna siku hata moja ambapo mtu anafungua kisanduku kuhesabu kilichobaki. Chama hicho kitaonekana hai kabisa mpaka asubuhi kisanduku kitakapofunguliwa. Ndivyo tulivyo na maji ya chini ya Tigania. Mvua ndiyo mchango, pampu ndiyo mkopo, na daftari halipo mkononi mwa mtu yeyote anayeishi hapa.

Kwa hiyo hoja yangu ya leo, msikilizaji, ni moja. Kudhibiti maji ya ardhini ni kupima kina chake mwaka baada ya mwaka na kumwambia kila mtu kilichopimwa. Kibali bila kipimo ni karatasi. Na kipimo chenyewe si jambo la kutisha: ni kamba yenye alama na kifaa kidogo kinacholia kikigusa maji, kinateremshwa kisimani pampu ikiwa imezimwa, namba inaandikwa, tarehe inaandikwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuifanya kazi hiyo. Mwalimu wa sekondari anaweza. Visima 20 vilivyochaguliwa vizuri kati ya Nchiru, Kianjai na Ruiri, vikipimwa kila mwezi, vingetuambia baada ya miaka michache ukweli ambao hakuna hotuba ya mwanasiasa inayoweza kuuficha.

Na hotuba tumezisikia. Mnakumbuka mwaka 2013, ilipotangazwa kwamba bonde la Lotikipi kule Turkana lina hazina ya maji ya kutosheleza nchi nzima kwa miaka mingi? Watu walifurahi, magazeti yakajaa. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yakakutwa na chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywa. Hesabu ya angani, iliyofanywa kwa setilaiti, ilitangulia kipimo cha ardhini, na watu wa Turkana wakabaki na ahadi.

Kuna kifaa kingine katika Sheria ya Maji ambacho naona kimelala. Mamlaka inaweza kutangaza sehemu fulani kuwa eneo la hifadhi ya maji ya ardhini, na ndani ya eneo hilo uchimbaji na uvutaji ukawekewa masharti makali zaidi. Nairobi ilitangazwa hivyo tangu mwaka 1953. Mtaniambia, mbona Nairobi visima vinazidi kuchimbwa, na kina cha maji kinazidi kushuka mitaa mingi? Ni kweli. Tangazo peke yake halikuziba shimo hata moja. Jiji lilikua, mifereji ya kampuni ya maji ikakauka siku za wiki, kila mwenye ghorofa akachimba chake. Nairobi ilitangazwa mapema, lakini kusimamiwa ndiko kulikochelewa.

Hata hivyo kutotangaza kabisa nako kuna hasara yake, na mfano uko mbali. Jimbo la Arizona kule Marekani, nchi kame kama nyika zetu, lilitunga sheria ya maji ya ardhini mwaka 1980. Likaweka maeneo ya udhibiti kuzunguka miji kama Phoenix na Tucson, na huko kweli uvutaji ukabanwa. Lakini sehemu nyingi za mashambani ziliachwa nje ya mipaka hiyo. Ikatokea kile ambacho mtu yeyote angekitabiri: wenye mashamba makubwa walienda kule ambako hapana mkono wa sheria. Mmoja wao alikuwa kampuni yenye wenyewe Saudi Arabia, iliyolima majani ya ng'ombe ya kusafirisha ng'ambo ya bahari, na wanavijiji wa huko wakaanza kuona visima vyao vikishuka. Ninaposikia mtu akisema kwamba Meru bado ni mashamba tu, udhibiti uachiwe Nairobi, ninawafikiria wanavijiji wale. Maji ya vijijini ndiyo yanayokimbiliwa sheria inapokaza mjini.

Sasa nani asimamie? Hapa narudi kwa majirani wa Nchiru.

Njuri Ncheke haikuanza kulinda maji juzi. Chemichemi, miti mikubwa na vichaka vitakatifu vilikuwa chini ya neno la wazee, na msitu wa Giitune karibu na mji wa Meru umesimama hadi leo kwa sababu ya heshima hiyo. Mtu aliyekata mti mahali palipokatazwa hakungoja polisi, alilipa. Wazee wanajua chemichemi ipi ilikauka mwaka gani, na mto upi ulikuwa ukivukwa kwa daraja na sasa unavukwa kwa ndara. Ujuzi huo ni ushahidi. Ukiandikwa kando ya namba za chuo kikuu, unatupa miaka 60 ya nyuma ambayo hakuna mashine iliyoirekodi.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu ninawaheshimu wazee na heshima haifichi kitu. Njuri ni baraza la wanaume. Wanaochota maji ni wanawake na wasichana. Mwaka 1956, wakati wa mkoloni, Njuri iliharamisha ukeketaji wa wasichana Meru. Ukeketaji ni madhara, na leo sheria ya nchi inaukataza. Ila wakati ule amri ilitoka kwa wazee na kwa ofisi ya serikali, na wasichana wenyewe hawakuketishwa wakaelezwa. Wasichana wengi wakakeketana wenyewe kwa wenyewe kuipinga, wakashtakiwa, wazazi wakatozwa faini, na desturi ikaendelea. Amri hata ikiwa na nia njema haimfikii mtu ambaye haikumwuliza kitu. Ndiyo maana nasema jumuiya ya watumiaji maji, ambayo Sheria ya 2016 inairuhusu katika kila bonde dogo la mto, haiwezi kuwa kamati ya wazee watatu na mwenye lori la maji. Anayebeba mtungi mgongoni awe mwenye kura, na awe na ufunguo wa daftari.

Kuna utata mwingine wa kiserikali, nitaupitia haraka. Kaunti ya Meru imekaa juu ya mabonde mawili. Sehemu moja inamwaga maji yake Tana, na ofisi ya Mamlaka kwa bonde hilo iko Embu. Sehemu nyingine inateremka Ewaso Ng'iro, na ofisi yake iko Nanyuki. Juu ya hayo, Katiba imeigawa kazi: kulinda rasilimali yenyewe ni kwa serikali ya kitaifa, kusambaza maji ni kwa kaunti. Matokeo yake gavana anachimba kisima, mbunge anachimba kisima, kanisa linachimba kisima, na kila mmoja anakata utepe wake. Kisima kina picha nzuri. Kipimo cha kina cha maji hakina picha. Sijawahi kuona mwanasiasa akialika wanahabari kuja kutazama kamba ikiteremshwa shimoni, lakini kama yuko aliye tayari, mimi nitakuja na kinasa sauti changu.

Kwamba kaunti haina mkono katika maji ya ardhini, hilo silikubali. Tazameni upande wa Embu, nchi ya Mbeere: Siakago, Kiritiri, Ishiara. Huko mwamba si lava iliyopasuka. Ni mwamba wa kale, mgumu, na visima virefu mara nyingi vinatoa maji machache au yenye chumvi. Watu wa Mbeere wamekunywa kwa vizazi maji ya mchangani, yale yanayobaki ndani ya mchanga wa mito ya msimu baada ya mvua kukatika. Unachimba kwa mkono, unangoja, yanajaa. Mchanga ndio tangi lao, na ndio chujio lao. Kisha malori yakaja kuchukua mchanga wa kujengea miji. Mchanga ukiondoka, mto unabaki mwamba mtupu, mvua inapita mbio kwenda Tana, na mwezi wa Agosti hakuna kitu. Makueni, wenzetu wa nchi kavu, waliliona hilo na mwaka 2015 wakatunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Ile ni sheria ya maji ya ardhini, hata kama jina lake ni la mchanga. Embu ina mito ya namna hiyo hiyo. Meru ya chini vilevile. Bunge la kaunti halihitaji kungoja Nairobi ili kusema mchanga wa mto fulani hautachotwa.

Na misitu je? Ukikata msitu wa Nyambene, mvua haizami, inakimbia juu juu na udongo. Unaweza kuwa na vibali vilivyopangwa vizuri kabatini na visima vikauke vyote, kwa sababu mlango wa kuingilia maji umefungwa kule juu. Sitalirefusha hili leo, linastahili siku yake. Ila anayetoza ada ya maji bila kurudisha hata sehemu yake kwenye miti ya mlimani amechukua mkopo asiokusudia kulipa. Na wanaoumia hawako Meru peke yake. Hazina ya maji ya Merti, inayowanywesha watu na mifugo upande wa Wajir na Garissa na iliyobeba kambi za wakimbizi za Dadaab kwa miaka yote hii, kwa sehemu hungojea Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro hungojea milima yetu.

Najua kuna anayenisikiliza akisema: huyu anataka kumnyima maskini kisima. La. Sheria inasema matumizi ya nyumbani yanatangulia matumizi mengine yote, na kwamba kiasi cha mahitaji ya msingi ya watu na cha kuweka mito hai kinatengwa kwanza kabla ya mtu kugawiwa cha biashara. Anayenyimwa leo ni yule ambaye kisima chake cha futi 40 kimekauka kwa sababu mwenye mita 200 anavuta mchana kutwa. Kuacha mambo yaende kama yanavyokwenda ni kuchagua upande, na ni upande wa mwenye mtambo mrefu. Ninachoomba ni masharti yanayopanda kadiri matumizi yanavyopanda: mwenye tangi la familia asisumbuliwe, mwenye kuuza kwa lori awe na mita inayosomwa, mwenye shamba kubwa la umwagiliaji alipe zaidi na apimwe zaidi, na kila mmoja apunguze kipimo cha kina kikionyesha kwamba maji yanashuka mwaka hadi mwaka.

Mamlaka haina watu wa kutosha kufika kila boma, hilo linaeleweka. Lakini wewe unayenisikiliza una haki ambazo wengi hawazitumii. Maombi ya kibali yanatakiwa kupitia maoni ya umma, na mtu yeyote anayepinga anaweza kuandika barua ya pingamizi kwa Mamlaka. Barua, kwa mkono wako, kwa Kiswahili ukipenda. Ukiona hukusikilizwa, kuna Mahakama Maalumu ya Maji. Na kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali: unaweza kuuliza kisima kile kipya karibu na shule kimepewa kibali cha lita ngapi kwa siku, kinaisha lini, na majaribio ya pampu yalionyesha nini.

Kabla ya mvua za Oktoba kuanza, zikiwa ndizo mvua tunazozitegemea zaidi upande wetu huu, ningependa kila jumuiya ya watumiaji maji kutoka Kianjai mpaka Siakago iwe imeandika ombi moja kama hilo na kulipeleka, Embu au Nanyuki, kutegemea maji yao yanakoelekea. Wakiwa na kisima cha shule au cha kanisa, wateremshe kamba wapate kina cha maji cha mwezi huu wa ukame, waandike tarehe, wabandike ukutani sokoni. Majibu ya ofisi yakija, tuleteeni hapa studioni. Tutayasoma hewani, ya ndiyo na ya hapana.